Mema na Maovu: Mstari Tunauchora Wapi?

Maneno haya yalisemwa kisiwani Ndau, Lamu Mashariki, mbele ya vikundi vya kujisaidia vya wavuvi na vya akina mama wa kuweka na kukopa. Tumeyaacha karibu kama yalivyosemwa. Mwishoni tumeweka maswali ambayo kikundi chako kinaweza kuyazungumza.

 

Nimeombwa nizungumze juu ya uaminifu katika kikundi. Nilikubali upesi. Lakini jana, kabla sijashuka vizuri mashuani, mama mmoja aliniuliza: "Wewe ndiwe utakayetufundisha mema na maovu? Basi tueleze. Siku hizi vimechanganyika kama mchele na mchanga. Huyu anavunja sheria ili watoto wale. Yule ana sheria mkononi, na ndiye anayetuumiza. Mwema ni yupi?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia nimechoka na safari. (Watu walicheka.) Usiku nililiwaza swali lake, na leo nitajaribu kumjibu. Sitamjibu kama mwalimu. Nitamjibu kama mtu aliyewahi kukosea katika jambo hili hili, na kosa lake likamwumiza mwingine.

TUANZE NA JUYA

Juya la kukokota lilipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 2001, pamoja na bunduki za kuchomea samaki. Sababu mnaijua kuliko mimi. Macho yake ni madogo. Likipita linafagia kila kitu, linang'oa nyasi za bahari, linabeba watoto wa samaki ambao hawajazaa hata mara moja. Leo kikapu kinajaa. Baada ya miaka michache mnakwenda mbali zaidi, mnachoma mafuta zaidi, mnarudi na kidogo zaidi.

Basi kulitumia juya ni vibaya? Mimi nasema ndiyo, ni vibaya, hata bila kumtaja askari. Anayelitumia anakula chakula cha mtoto wa jirani yake, na cha mtoto wake mwenyewe wa kesho.

Sasa tumtazame kijana anayevuta kamba ya juya. Je, yeye ni mtu mwovu? Juya si lake, ni la tajiri. Mashua si yake. Ana deni la tajiri tangu msimu wa kusi uliopita, bahari ilipochafuka akakopa unga. Akikataa kuvuta, kesho anavuta mwingine, na deni linabaki palepale. Na wale samaki wadogo, nani anawanunua? Nani hapa hajawahi kununua fungu la samaki wadogo kwa sababu ni rahisi? (Watu walicheka, wengine wakaangalia chini.)

Mnaona? Tendo ni baya, hilo halina ukungu. Lakini mzigo wa tendo haugawanyiki sawa. Kijana ana sehemu yake. Tajiri ana sehemu yake, tena kubwa. Mimi ninayenunua nina yangu. Sisi tunafanyaje? Tunamnyooshea kidole mmoja tu, yule aliyelowa maji, kwa sababu ndiye anayeonekana. Wengine tunabaki wakavu na wema.

HABARI YA KIWAYU

Sasa niingie katika jambo zito. Wengi wenu mlikuwapo, mnalikumbuka.

Usiku wa manane, Septemba 11, 2011, watu wenye silaha walivamia hoteli ya Kiwayu Safari Village, hapa jirani. Walimwua mgeni kutoka Uingereza, David Tebbutt, wakamteka mkewe, Judith, wakamvusha mpaka Somalia. Alikaa mikononi mwao zaidi ya miezi sita, hadi Machi 2012. Mateka huyo alikuwa hajarudi, tarehe 1 Oktoba mwaka ule ule wa 2011, wengine wakamchukua Marie Dedieu kutoka Manda, mama wa Kifaransa aliyekuwa mlemavu na mgonjwa. Yeye alifia mikononi mwao.

Mama yangu wa jana, hapa hakuna mchele na mchanga. Kumwua mtu aliyelala, kumteka mgonjwa: huo ni uovu, na mtu asituambie eti kila kitu kina pande mbili. Ninalisema mapema ili asiwepo atakayeondoka hapa akisema, "Mgeni alisema hakuna jema wala baya."

Lakini uovu ule haukuishia kwa walioutenda. Ulimwagika. Oktoba 2011 jeshi la Kenya liliingia Somalia. Huku kwetu uvuvi wa usiku ukapigwa marufuku, na marufuku ile ikakaa karibu miaka saba, hadi 2018. Serikali ilikuwa na sababu: chombo cha mvuvi na chombo cha mshambuliaji, gizani vyote ni chombo tu. Na mvuvi naye alikuwa na sababu. Wa jarife hutega jioni akatoa alfajiri. Kamba hutoka mwambani usiku. Ukimwambia mvuvi wa Ndau alale hadi jua litoke, umemkata nusu ya shamba lake.

Kwa hiyo wako waliotii wakalala na njaa, na wako waliotoka kwa siri. Waliotoka walikuwa waovu? Walivunja amri, ni kweli, na waliwatia wenzao katika hatari, kwa sababu chombo kimoja kikikamatwa kijiji kizima hutiliwa shaka. Lakini kuwaweka kundi moja na wauaji, hapana. Hapo ndipo mimi nilipokosea.

KARATASI YANGU

Wakati ule nilikuwa katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa, katika kisiwa ambacho sitakitaja. Siku moja tuliulizwa: nani wanaotoka usiku? Sitasema ni nani aliyeuliza, maana leo sikuja kumshtaki mtu. Kalamu ilikuwa yangu.

Niliandika majina manne. Matatu niliyajua, niliwaona kwa macho yangu wakisukuma chombo baada ya isha. Jina la nne sikumwona. Huyo alikuwa kijana mwenye maneno mengi, aliyekopa shilingi elfu mbili za kikundi na kukaa nazo mwaka mzima. Kila tukimdai anatucheka. Nikajisemea: mtu asiyelipa deni, si ajabu akawa anatoka usiku pia. Na anayetoka usiku, nani ajuaye anakutana na nani huko? Nikaandika.

Jamani, naomba mnielewe vizuri. Mkono wangu haukutetemeka. Sikuwa nimekasirika. Nilijiona ninalinda kijiji. Hata niliandika kwa hati nzuri, na chini nikaweka karatasi ya kaboni ili kikundi kibaki na nakala. Ukweli mara tatu na uongo mara moja, wino mmoja, karatasi moja. Ukiitazama huwezi kuona ni wapi ukweli unaishia.

Walichukuliwa wote wanne. Watatu walirudi baada ya siku mbili. Yule wa nne, kwa sababu alikuwa mbishi, alikaa siku tisa. Alirudi haongei. Mashua yake ilikuwa imevutwa juu ya mchanga, jua limeipasua mbao. Watu walimwogopa, si kwa tendo alilofanya, ila kwa kuwa alichukuliwa. Mabinti walikatazwa kupita mlangoni kwao. Haukupita mwaka akahama, na mpaka leo hajarudi kukaa.

Mama yake alikuja kwangu. Sijui nani alimwambia. Hakupiga kelele. Aliweka shilingi elfu mbili juu ya daftari, noti zilizokunjwa kunjwa, akasema: "Mwanangu, deni lake hili hapa. Sasa la kwako tutalilipaje?"

(Mkutano ulikaa kimya.)

MTU ALIYEITWA MBAYA

Nilianza kuielewa karatasi yangu vizuri niliposikia mwisho wa kesi ya Kiwayu.

Baada ya mauaji yale alikamatwa mtu mmoja wa hapa bara, Ali Kololo, Mboni, mtu wa kurina asali na kukata kuni. Alishtakiwa kuwa ndiye aliyewaongoza washambuliaji. Yeye alisema walimlazimisha kwa bunduki awaonyeshe njia. Watetezi wake walieleza kuwa kwa sehemu kubwa ya kesi hakuwa na wakili, na kwamba lugha iliyotumika mahakamani hakuielewa vizuri. Ushahidi mkubwa ulikuwa jozi ya viatu na nyayo zilizoonekana mchangani. Julai 2013, mahakama ya Lamu ilimhukumu kifo.

Wengi wetu tulisema: vizuri. Nami nilisema. Uovu ule ulikuwa mkubwa mno, tulihitaji uso wa kuubandika. Mboni maskini kutoka msituni, nani angebisha?

Mwaka 2023, Mahakama Kuu ya Malindi ilifuta hukumu ile. Upande wa mashtaka wenyewe ulikubali kuwa hukumu haikuwa na msingi salama. Mtu alikuwa amekaa kizuizini zaidi ya miaka 11. Na nani alikuwa miongoni mwa waliojitokeza kusema mtu huyu ameonewa? Judith Tebbutt, mwenyewe mjane, aliyeuliwa mume na kutekwa. Yeye ndiye aliyekuwa na haki kuliko sisi sote ya kutaka mtu yeyote aadhibiwe. Lakini hakutaka mtu yeyote. Alitaka aliyetenda.

Tazameni tofauti hiyo. Kutaka mtu yeyote, na kumtaka aliyetenda. Nilipoandika jina la nne, mimi nilitaka mtu yeyote.

MSTARI UKO WAPI?

Sasa nimjibu mama. Mema na maovu hayajachanganyika. Kinachochanganyika ni mahali tunapochora mstari. Tunauchora kati ya watu: hawa wema, wale wabaya, sisi wa kikundi, wale wa nje, watu wa kisiwani, watu wa msituni. Ukishauchora hapo, kila afanyalo mtu wa upande wa pili ni ovu, na kila nifanyalo mimi ni jema, hata nikiandika uongo kwa hati nzuri.

Tuuchore kati ya matendo. Kuua ni uovu. Kumsingizia mtu ni uovu. Kukaa na pesa za kikundi ni kosa, na deni lazima lilipwe. Kutoka usiku wakati wa marufuku ni kuvunja amri, na mtu aulizwe kwa nini. Haya ni mambo mbalimbali. Mimi niliyasokota kuwa kamba moja nikamfunga nayo mtu.

Kuna methali tunaipenda: samaki mmoja akioza, wote wameoza. Ninyi ni wavuvi. Ni kweli? Ukimkuta samaki mmoja ameoza kikapuni, unamwaga kikapu chote baharini? (Sauti: "Hatumwagi! Unamtoa!") Unamtoa. Unawatazama wenzake mmoja mmoja, unawanusa, unawaosha. Hiyo ni kazi. Methali ni rahisi, kunusa mmoja mmoja ni kazi. Kikundi kizuri ni kile kinachokubali kazi hiyo.

MASWALI MATANO KABLA YA KUHUKUMU

Kwa hiyo vikundi vyetu vifanye nini? Siku hizi, kabla ya kumtoa mwanachama, kumtoza faini au kumpeleka kwa mkubwa, mimi nauliza maswali matano. Yaandikeni daftarini.

1. Ni tendo gani hasa? Msiandike "fulani si mwaminifu". Andikeni "fulani alichukua kiasi hiki, tarehe hii".

2. Nani aliona kwa macho yake? "Watu wanasema" si shahidi.

3. Mwenyewe amesema nini, kwa lugha anayoielewa, mbele yetu? Asihukumiwe mtu akiwa hayupo.

4. Alikuwa na njia nyingine? Aliyeonyeshwa bunduki, aliyefungwa na deni, na aliyechagua kwa raha yake, hao si sawa, hata kama tendo ni moja.

5. Mimi ninayehukumu nitafaidika nini? Hili liwe la mwisho kuandikwa na la kwanza kuulizwa. Lingeniokoa mimi, na kijana yule pia.

Tujaribu. Tuseme kikundi cha akina mama kinaweka pesa za kutengeneza jabia, ili mvua ikinyesha maji yapatikane. Mweka hazina anachukua elfu tatu usiku, mtoto anaumwa, anatafuta mashua ya kumpeleka hospitali. Hakumwambia mtu. Pesa zinagunduliwa hazipo. Je, ni mwizi?

Wengine hapa nasikia wanasema ndiyo, wengine hapana. Tuulize. Tendo: alichukua pesa za wote bila idhini. Hilo ni kosa, hata mtoto angekuwa nani. Alikuwa na njia nyingine? Angeweza kumwamsha mwenyekiti. Kwa nini hakumwamsha? Labda mwenyekiti ni mtu wa kufoka. Labda kikundi hakina kanuni ya mkopo wa dharura. Basi na sisi tuna sehemu yetu. Pesa zirudi, kidogo kidogo, na ziandikwe. Kusamehe si kufuta daftari. Funguo wapewe watu wawili, ili mtu mmoja asiachwe peke yake na sanduku na shida yake usiku wa manane. Na kanuni ya dharura iandikwe kesho asubuhi. Mkimfukuza tu, mtamweka mwingine, atachoka usiku mmoja, na mambo yatarudi yale yale.

Lakini kama alichukua akanunua simu, akamsingizia mwenzake, hilo ni jingine. Hapo msione haya kumwondoa. Huruma isiyojua tofauti hiyo inawaonea wale waliotunza amana.

NIMALIZE

Mtaniuliza: deni lako uliliipaje?

Nilikwenda mbele ya kikundi nikasoma nakala ile ya kaboni kwa sauti. Nikasema jina la nne sikumwona. Nikaacha ukatibu. Nilikwenda pia kwa wale niliowapelekea karatasi, nikasema hivyo hivyo. Walinisikiliza, wakaandika, basi. Halafu nikaenda kwa mama yule. Nilitengeneza ile mashua, mbao mpya, kalafati mpya, kwa mkono wangu. Aliniletea chai kila siku nilipokuwa nikifanya kazi, lakini hakunena nami zaidi ya salamu. Mashua ikaisha. Inatumiwa na mdogo wake sasa. Mwenyewe yuko mbali, na sikumwomba mama anipe anwani yake, kwa sababu niliona sina haki hiyo mpaka atake yeye.

Nakala ya karatasi ninayo nyumbani. Sikuja nayo kuwaonyesha, maana ina majina ya watu. Kila ninapotakiwa kusema neno juu ya mtu, ninaitazama kwanza.

 Mama wa jana, kama sijakujibu, niulize tena tukila.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chenu, ni kosa gani ambalo analaumiwa mtu mmoja tu, na huku wengi wana sehemu? Taja sehemu ya kila mmoja, pamoja na yako.

2. Je, kikundi chenu kina kanuni ya mkopo wa dharura? Funguo za sanduku wanazo watu wangapi?

3. Mwanachama akishtakiwa, anasikilizwa wapi, na nani anaandika?

4. Kuna mtu aliyewahi kutolewa katika kikundi kwa "watu wanasema"? Mnaweza kumfanyia nini sasa?